Hodi Katika Simu

Desturi ya kubisha hodi ni ya zamani sana katika nchi zetu, wala sijaona kabila lisilokuwa nayo kwa namna yake. Mgeni afikapo husimama penye ua, hupaza sauti, kisha hungoja. Asipojibiwa hubisha mara ya pili, na mara ya tatu. Asipojibiwa tena hurudi zake, hata kama aona moshi wa jikoni na kusikia sauti za watu ndani. Hawezi kusema kwamba amefukuzwa, wala mwenye nyumba hana haja ya kutoa udhuru. Huenda alikuwa akioga. Huenda alikuwa akiteta na mkewe. Huenda chakula kilikuwa haba, akaona haya. Hayo yote ni yake mwenyewe. Neno "karibu" ndilo mlango, nao hufunguliwa na aliye ndani.

Naanza na jambo hili kwa kuwa nimesikia watu wengi, na baadhi yao walimu wenzangu, wakisema kwamba habari ya mtu kusitiri mambo yake ni ya Wazungu, ati sisi ni watu wa kuishi pamoja, hatuna siri. Mimi sikubali. Wazee wetu walikuwa na baraza, na walikuwa na ndani, na mtoto wa miaka sita alijua tofauti yake. Barazani huketi yeyote, wakaulizana habari za mvua na za mazao. Lakini deni la mtu, ugonjwa wake, na ugomvi wa nyumba yake vilikuwa ndani, na aliyevitoa nje aliitwa mmbeya, jina ambalo hapana apendaye kuitwa. Siri ya mtungi, walisema, aijuaye ni kata. Hawakusema kwamba kata huitangaza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, katika kijiji kilicho chini ya milima ya Usambara, penye barabara ya vumbi na gulio la kila Alhamisi. Baba yangu mdogo alifundisha hapa kabla yangu, na siku zake mwalimu ndiye aliyekuwa msomaji wa barua za kijiji kizima. Mtu asiyejua kusoma, akipata barua kutoka Tanga au Mombasa, alikuja nayo shuleni jioni, ikiwa bado imefungwa. Baba mdogo hakuifungua mbele ya watu. Alimchukua mwenyewe mpaka chini ya mwembe, akaisoma kwa sauti ndogo, akaikunja, akamrudishia mkononi. Na kesho yake walipokutana njiani alimwamkia kama mtu asiyejua kitu. Alijua ni nani anadaiwa, ni nani ambaye mumewe ameoa tena mjini, ni nani ambaye mtoto wake yu gerezani. Amekufa na hayo yote.

Sasa barua zimekoma, lakini kazi ile imenirudia kwa njia nyingine. Wazee wengi wa hapa wana kitochi, yaani ile simu ndogo yenye taa. Na baadhi yao wametumiwa na watoto wao simu ya kupangusa, ambayo huwaonyesha nyuso za wajukuu walioko Dar es Salaam, au binti afanyaye kazi Maskati. Hunijia nikitoka darasani. "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Nami husoma, na hujitahidi kusoma kama baba mdogo alivyosoma. Walakini kuna tofauti kubwa. Barua ilikuwa moja, na ilipokwisha kusomwa ilirudi kifuani mwa mwenyewe. Simu nikabidhiwayo ina kila kitu: fedha, picha, majina ya watu wote anaowajua, maneno ya miaka mitatu. Ni sawa na mtu aniombaye nimsomee barua, kisha akanipa na funguo za nyumba, na sanduku, na ghala.

Bibi mmoja alikuwa na desturi ya kufika kwa wakala wa fedha za simu siku ya gulio, akatoa simu yake, na kutaja namba yake ya siri kwa sauti kuu, mbele ya watu waliojipanga nyuma yake. Nilipomwambia kwamba haifai, alinicheka. "Mwanangu, wote hawa ni wajukuu zangu." Na kweli walikuwa wajukuu zake, ila mmoja wao alimtolea shilingi elfu arobaini. Basi nikamfundisha kubonyeza mwenyewe. Ilituchukua alasiri tatu, maana macho yake ni mabovu na vitufe ni vidogo. Siku aliyoweza aliniamuru nigeuke nitazame ukutani, nami nikageuka. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za matokeo ya mitihani.

Hayo ni mambo ya fedha, na fedha hurudi. Nataka nieleze jambo lisilorudi.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2023, kijana wa kijiji chetu aliyekuwa dereva wa bodaboda Dar es Salaam aligongwa na lori, akafa pale pale. Sasa, kila msomaji anajua jinsi habari ya kifo ipelekwavyo. Hawendi vijana. Huenda wazee wawili au watatu, nao hawasemi upesi. Huketi, huomba maji, huuliza kama dada wa mama yupo karibu, na kama hayupo huitwa; na yule mama, aonapo wazee wameketi hivyo na maji hawayanywi, huanza kujua moyoni kabla neno halijatoka. Upole huo haukubuniwa bure. Ni kama mtu ashushwaye kisimani kwa kamba, badala ya kusukumwa.

Mama wa kijana huyu alikuwa gulioni, akiuza maharage. Wazee walipata habari kwa simu kutoka kwa ndugu aliyeko mjini, wakavaa, wakashika njia. Na kutoka kwao mpaka gulioni ni mwendo wa saa moja na nusu. Lakini huko Dar es Salaam mpita njia mmoja alikuwa amekwisha piga picha, akaiweka katika kundi la WhatsApp la madereva wa bodaboda, akiuliza ni nani amjuaye. Mmoja alimjua. Akaipeleka katika kundi la watu wa kwetu wakaao mjini. Na kutoka huko ikaletwa katika kundi la kijiji, lenye watu zaidi ya mia mbili, na watu wakaanza kuandika pole chini yake. Kijana muuza vocha, aliyekuwa jirani ya yule mama pale gulioni, aliitazama simu yake, akamgeukia, akamwonyesha. "Mama, huyu siye...?"

Wazee walimkuta amekwisha bebwa.

Baadaye alimwambia mke wangu kwamba msiba aliweza kuupokea, maana hakuna nyumba isiyopata msiba. Asichoweza ni ile lami. Mwanawe alikuwa amelala juu ya lami, na kiatu kimoja kimetoka. Akifumba macho aiona. Na aendapo kisimani, asema, watu wanaomwamkia ni wale wale walio na picha ile mfukoni.

Nimefikiri sana juu ya yule mpita njia, wala siwezi kumlaumu kabisa. Alitaka ndugu wapatikane, na wakapatikana. Pasipo yeye huenda maiti ingalikaa siku nyingi pasipo jina. Lakini angaliweza kuandika namba ya pikipiki, na mahali, na rangi ya shati. Na wale wote walioipokea na kuipeleka mbele, hao walikuwa na haja gani? Nimewauliza wengine. Jibu lao ni moja: "Niliona wengine wameituma." Zamani mbiu ya mgambo ilipolia tulijua kuna jambo, na mpiga mbiu alijulikana, tena alikuwa ametumwa na mwenye amri. Sasa kila mtu anayo pembe, na hakuna aliyetumwa.

Watu wengine hunijibu kwamba WhatsApp ina kufuli. Ni kweli, ina kufuli, na yafaa tujue kufuli hiyo hufunga nini. Tangu mwaka 2016 maneno yanayopita humo hufungwa katika simu ya mtumaji, yasifunguliwe ila katika simu ya mpokeaji, hata wenye kampuni wasiweze kuyasoma njiani. Ni kama lakiri juu ya barua. Mchukuzi wa barua hakuweza kuisoma pasipo kuivunja lakiri, na ikivunjwa huonekana. Lakini lakiri hulinda njia tu. Barua ikifika, mpokeaji akiipeleka barazani na kuisoma kwa sauti, lakiri itafanya nini? Na katika kundi la watu mia mbili wapokeaji ni mia mbili. Ukilifuta neno ulilotuma, huenda mmoja amekwisha liweka. Na hata lile lililowekwa kwa saa 24 tu kisha likatoweka, mtu aweza kuupiga picha uso wa simu yake, likakaa kwake milele.

Kampuni yenyewe iliona hatari hiyo. Tangu Januari 2019 mtu hawezi kuupeleka ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha pita mikononi mwa wengi hauwezi kupelekwa ila kwa mmoja mmoja. Tena tangu mwaka 2019 kila mtu aweza kuchagua ni nani awezaye kumwingiza katika kundi. Ukifungua mahali pa mipangilio, penye faragha, kisha makundi, utaona. Ukichagua watu unaowajua tu, mtu baki hatakuingiza tena mahali usipopajua. Hiyo ni hodi ndogo. Wachache sana wanaijua.

Sasa niseme kidogo juu ya majina. Kijijini mtu ana jina, na baba yake anajulikana, na babu yake pia, hata akitaka kujifanya mwingine hawezi. Mtandaoni mtu ni namba na picha. Vijana wangu wa zamani, niliowafundisha hesabu, nawaona wamejiita majina ya wachezaji wa mpira na ya wafalme. Wazazi hulalamika, lakini mimi sioni ubaya. Babu zetu walipocheza beni, mmoja alikuwa Kingi, na mwingine Jenerali, na mwingine Gavana, wakavaa na kofia zake; na ngoma ilipovunjika kila mtu alirudi shambani kwa jina lake. Mchezo wa jina ni mchezo maadamu kila mtu anajua kwamba ni mchezo.

Ubaya ni wa yule avaaye jina la mtu aliye hai. Mzee mmoja wa hapa, mtu mwaminifu sana, picha yake ilichukuliwa kutoka kundi la ukoo, ikawekwa juu ya namba nyingine, na namba hiyo ikawaandikia jamaa zake kuomba fedha za matibabu. Watatu walituma. Mzee alikuwa mzima, akipalilia mihogo, na alipopigiwa simu kuulizwa hali ya tumbo lake alidhani anachezewa. Kadhalika wazazi wa watoto wa bweni hupigiwa simu na mtu ajifanyaye mwalimu, akisema kwamba mtoto ameanguka ghafula, yuko hospitali, na fedha zahitajiwa sasa hivi. Jina la mtoto na la shule amelitoa wapi? Aghalabu ni sisi wenyewe tuliolitangaza, siku tulipoweka picha ya mtoto katika sare yake mpya na kuandika furaha yetu chini yake.

Serikali imejaribu kumfunga kila mtu na namba yake. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini ya simu katika Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Dawa ni nzuri, ila kila dawa ina mwizi wake. Mwuza laini asiye mwaminifu humwambia mzee, "Weka dole tena, mashine haijasoma," na kumbe imesoma, na dole la pili limesajili laini ya pili, itakayokwenda kwa tapeli. Kwa hiyo mara kwa mara yafaa kubonyeza *106# na kutazama ni namba ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Ujumbe wa kitapeli, nao hupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuna na mikopo ya simu. Sitasema mengi, maana magazeti yamesema. Mtu hupakua programu, huombwa ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye hukubali kwa kuwa anataka shilingi elfu hamsini leo. Akichelewa kulipa, wakopeshaji huwaandikia mkwewe, mchungaji wake na mwajiri wake kwamba yeye ni mdaiwa sugu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha pasipo leseni. Lakini angalia: majina yale hayakuwa ya mkopaji. Yalikuwa yetu. Alifungua mlango wa nyumba zetu wote, na hakuna hata mmoja aliyesikia hodi.

Nije sasa kwa shule, maana hapa ndipo tulipo na shauri lisilokwisha.

Katika mwaka 2024 kamati ya shule yetu ilipewa ahadi na rafiki wa mbali kwamba, tukituma picha za watoto wasio na viatu na wasio na madaftari, pamoja na majina yao na habari za nyumba zao, ataziweka mtandaoni, na watu wenye huruma watachanga. Nasi tuna haja. Bati za darasa la nne zimeoza, na mvua ya masika hutufanya tuyaunganishe madarasa mawili. Mimi nilisimama katika mkutano wa wazazi nikasema kwamba twahitaji kwanza kuuliza. Nikaeleza kwamba katika Kenya, mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Nikaeleza kwamba nasi tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo humtaka akusanyaye habari za mtu amwambie ni za kazi gani, wala asizigeuze kwa kazi nyingine.

Baba mmoja, mchoma mkaa, akasimama. Alisema kwa adabu, lakini alisema wazi. "Mwalimu, sitara ni ya mwenye nguo. Mwanangu hana viatu, na kila mtu apitaye njiani anaona kwamba hana. Nani atafichwa nini? Acha aonekane na huko ng'ambo, huenda akapata."

Watu wengi walimpigia makofi, na neno lake ni zito, wala sikulidharau. Nilimjibu kwamba aonwaye njiani huonwa na watu wanaomjua, naye huwaona wao. Na kiatu kikipatikana, kesho wanamwona na kiatu. Lakini picha haivai kiatu. Mwanawe atakapokuwa na miaka ishirini na mitano, akiomba kazi au akiposa, watu watatafuta jina lake, na watamkuta angali na miaka tisa, peku, tena chini yake imeandikwa kwamba baba yake ameshindwa kumlisha. Yule baba alinyamaza. Kisha akauliza, "Na bati je?"

Basi swali hilo ndilo lililobaki. Mama mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, aliuliza kama yule rafiki amewahi kuwauliza watoto wenyewe. Hakuna aliyewauliza. Kesho yake niliwauliza darasa la sita, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi pasipo jina. Katika watoto 41, kumi na wanne waliandika kwamba wapigwe; ishirini na saba walikataa. Mmoja wa waliokubali aliongeza kwamba apigwe akiwa amevaa shati la kaka yake.

Kamati ikakubaliana hivi: tukapiga picha za bati, na za ukuta ulionyonyoka, na za madawati yaliyofungwa kwa kamba, na za darasa lililo wazi siku ya mvua. Watoto tulipiga kwa mbali, migongo yao, wakiingia darasani, na majina hatukuandika. Rafiki yule aliandika kwamba picha za namna hiyo hazimgusi mtu, lakini atajaribu. Yule mchoma mkaa amejitolea miti minane ya kuezekea, na kila tukutanapo huniuliza kama jibu limekuja. Bado halijaja, na masika yamekaribia.